Dhahabu Yenye Kuonyesha Sumu: Namna Vipande Vidogo Sana Vinaweza Kupima Maji na Muhogo



Katika vijiji vingi vya mashariki ya Congo, shamba na chimbo la dhahabu ni majirani. Mto wenye unanywesha maharagwe na mboga zetu, njo ule ule wenye wachimbaji wanasafishia mchanga wao juu kidogo. Kwa hiyo kuna swali moja lenye haliishi: maji haya iko na merkire ao haina? Kwa macho hakuna mutu anaweza kujibu. Zebaki, ile wachimbaji wanaita merkire, ikishayeyuka ndani ya maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yanaweza kuwa safi kama machozi na bado yako na sumu.

Katika namba hii tunataka kuwaeleza kazi moja ya wanasayansi yenye inagusa swali hilo. Wamepata namna ya kutengeneza vipande vya dhahabu vidogo sana, vyenye kushikwa na protini, na vyenye kuwaka mwanga mwekundu. Zebaki ikifika karibu, ule mwanga unazimika. Vipande hivyo vinaitwa nanoklasta. Tutasema namna gani vinafanya kazi, vinaweza kusaidia nini katika maji, katika muhogo na katika mazao, na juu ya nini havijafika bado katika kijiji. Mwisho tutasema mambo yenye koperative inaweza kufanya leo, bila kungojea mashine yoyote.

Dhahabu na zebaki: urafiki wa zamani

Wachimbaji wanatumia zebaki kwa sababu moja: inapenda dhahabu. Ukiichanganya na mchanga wenye vumbi la dhahabu, inaacha mchanga na inakamata dhahabu peke yake, vinakuwa donge moja jeupe. Kisha wanachoma donge lile. Zebaki inageuka mvuke, inapanda hewani, na dhahabu inabaki.

Lakini ile yenye imepanda haipotei. Inarudi chini na mvua. Ingine inabaki ndani ya mchanga wenye umetupwa, na mvua ikinyesha inateremka mtoni. Ndani ya matope ya mto na ya bwawa kuna vijidudu vyenye vinaigeuza kuwa zebaki ya namna ingine, mbaya zaidi, yenye inaingia ndani ya nyama ya samaki. Samaki mdogo anabeba kidogo. Samaki mkubwa mwenye kula samaki wengine anakusanya ya wote. Mwanadamu akila yule mkubwa, anapokea mzigo mzima.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu katika mji wa Minamata, inchi ya Japani. Kiwanda kilikuwa kinamwaga maji yenye zebaki baharini. Mwaka 1956 waganga walitambua ugonjwa wenye ulikuwa unaharibu mishipa ya fahamu ya watu wenye walikuwa wanakula samaki wa pale. Watoto wengine walizaliwa nao, mama zao walikuwa wamekula samaki wakati wa mimba. Njo maana mapatano ya mataifa juu ya zebaki, yenye yalianza kufanya kazi mwaka 2017, yanaitwa Mapatano ya Minamata. Leo, uchimbaji mdogo wa dhahabu njo chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki yenye watu wanatupa hewani duniani.

Muone sasa kipimo. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasipite mikrogramu 6 za zebaki ndani ya litre moja. Mikrogramu moja ni gramu moja yenye kugawanywa mara milioni. Kwa hesabu hiyo, gramu moja ya zebaki, ikiyeyuka yote, inatosha kufikisha kwenye mpaka ule bidoni zaidi ya 8,000 za litre 20. Kitu kidogo namna hiyo, utakionaje? Inaomba chombo chenye macho makali sana.

Kitu chenye kuwaka chini ya taa

Wale wenye wanabadilisha pesa mjini wanajua taa moja ya rangi ya zambarau. Unaweka noti ya dola chini yake. Kama ni noti ya kweli, kuna uzi ndani yake wenye kuwaka: noti ya dola 20 inawaka kijani, ya dola 100 inawaka kama pinki. Ukiondoa taa, uzi hauwaki tena.

Jambo lenye linatokea pale ni hili. Taa inatoa mwanga wenye nguvu kubwa, wenye jicho letu haliuone vizuri. Uzi unaumeza mwanga ule, unapoteza sehemu ya nguvu yake, kisha unautoa tena na rangi ingine yenye sisi tunaiona. Si moto, na si sawa na betri yenye kuweka akiba. Ni kupokea na kurudisha palepale.

Dhahabu ya kawaida haifanyi hivyo. Weka pete ya dhahabu chini ya taa ile, itabaki pete. Lakini ukiigawanya, na ukigawanya tena, mpaka ukafika kwenye vipande vyenye atomu chache tu, tabia yake inabadilika kabisa.

Dhahabu yenye imekuwa ndogo mpaka inabadilika tabia

Atomu njo sehemu ndogo kabisa ya dhahabu yenye bado inaitwa dhahabu. Ndani ya pete kuna atomu nyingi kupita hesabu, na umeme mdogo wenye kuwa ndani yake unatembea pale sawa vile watu katika soko kubwa: kila mmoja anapita mahali anapenda. Mwanga ukiingia, nguvu yake inatawanyika na kupotea kama joto.

Nanoklasta ni chane ndogo ya atomu. Inaweza kuwa na atomu 10, ao 25, ao zaidi kidogo, zenye kushikana sawa vile ndizi kwenye chane moja. Upana wake haufike nanometa 2. Nanometa moja ni milimeta moja yenye kugawanywa mara milioni. Unywele mmoja wa kichwa uko na upana wa nanometa 80,000 hivi. Hata hadubini ya hospitali haiwezi kuonyesha kitu kidogo namna hiyo.

Ndani ya chane hiyo hakuna tena soko kubwa. Kuna ngazi yenye vidaraja. Umeme mdogo ukipokea nguvu ya taa unaruka daraja la juu, na wakati unashuka unatoa mwanga. Kwa chane ya atomu 25 za dhahabu, mwanga ule ni mwekundu. Feza na shaba pia zinaweza kufanya chane za namna hiyo, na rangi inafuata aina ya chuma na hesabu ya atomu.

Juu ya nini protini?

Kuna shida moja. Chane hizo hazipendi kukaa peke yake. Zikikutana ndani ya maji zinashikana, zinakuwa donge kubwa, na mwanga unakufa. Inaomba kitu cha kuzishika mbali moja na ingine.

Njo hapa protini inaingia. Protini ni kitu chenye tunajua katika maharagwe, nyama, maziwa na ute wa yai. Ukiitazama kwa karibu, ni kama kamba ndefu sana yenye imejikunja mara nyingi. Ndani ya mikunjo yake kuna sehemu zenye kiberiti zenye kupenda dhahabu na kuishika kwa nguvu. Kuna pia sehemu zingine zenye kuweza kuibadilisha dhahabu yenye kuyeyuka na kuirudisha kuwa dhahabu ya kweli. Kwa hiyo protini inafanya kazi mbili: ni fundi wa kutengeneza chane, na ni kiota chenye kuikalisha. Sawa vile kuku anataga yai na kulilalia yeye mwenyewe.

Mwaka 2009, wanasayansi watatu wa Singapore, Jianping Xie, Yuangang Zheng na Jackie Ying, walionyesha njia rahisi. Walichukua protini moja ya damu ya ngombe yenye inaitwa albumini, wakaichanganya na chumvi ya dhahabu yenye kuyeyuka ndani ya maji. Wakaongeza soda kali ili protini ifunguke. Kisha wakaacha mchanganyiko kwa joto la digri 37, joto la mwili wa mutu, muda wa saa 12. Maji yaligeuka kutoka manjano mpaka kahawia. Chini ya taa ya zambarau yaliwaka mwekundu. Kwa kila punje 100 za mwanga zenye kumezwa, 6 hivi zilirudi kama mwanga mwekundu. Inaonekana kidogo, lakini inatosha kwa jicho.

Kisha wengine walifanya vile vile na protini zingine, hata na ute wa yai la kuku. Lakini mutu asijaribu nyumbani. Ile chumvi ya dhahabu na ile soda zinachoma ngozi na macho, na hazina nafasi karibu na jikoni ao na watoto. Hiyo ni kazi ya labo.

Zebaki inazima taa

Sasa tunarudi kwa urafiki wa zamani. Katika chane zile, atomu za juu ziko na tabia yenye zebaki inapenda sana. Zebaki yenye kuyeyuka ndani ya maji ikifika, inapita kwenye mikunjo ya protini na kujishika kwenye atomu hizo. Ikishajishika, nguvu ya taa inapotelea njia ingine na haitoki tena kama mwanga. Wekundu unapungua. Kadiri zebaki iko nyingi, ndivyo giza linaongezeka.

Mwaka 2010 watu wale wale wa Singapore walitumia jambo hilo kupima zebaki. Walisema kwamba kwa njia yao wanaweza kutambua zebaki hata ikiwa mikrogramu 0.1 hivi ndani ya litre moja ya maji. Mukumbuke mpaka wa Shirika la Afya Duniani ni 6. Ni kusema kipimo kile kinaona kitu kidogo mara 60 kuliko ule mpaka. Wanasayansi wamejaribu pia kuweka chane hizo juu ya karatasi: unatia tone la maji, unatazama chini ya taa, kama wekundu umepotea kuna jambo.

Muone basi mambo yamegeuka namna gani. Dhahabu njo inavuta zebaki ije mtoni mwetu. Na dhahabu ile ile, ikigawanywa mpaka atomu 25, inaweza kuwa shahidi wa kusema: hapa zebaki imepita.

Muhogo: sumu ingine, kazi ile ile

Mama zetu wanajua kwamba muhogo mchungu unaweza kuua kama haukulowekwa vizuri. Sumu yake ni sianidi. Muhogo haubebi sianidi tayari. Unabeba kitu chenye kuifungia ndani, na wakati muhogo unakatwa, unapondwa ao unalowekwa, kile kitu kinafunguka na sianidi inatoka. Kama imepata wakati na maji, inaondoka. Kama haraka ilikuwa nyingi, inabaki ndani ya unga.

Congo inajua matokeo yake kuliko inchi nyingi. Ugonjwa wa konzo, wenye kupooza miguu ya watoto na ya mama kwa gafla, uliandikwa na munganga Trolli mwaka 1938 katika Kwango. Jina lenyewe limetoka katika Kiyaka. Mutu analala mzima, asubuhi miguu imekuwa migumu, na haiponi tena. Unakuja pale watu wanakula muhogo mchungu siku kwa siku, wanaloweka siku moja pahali pa tatu kwa sababu ya njaa ao ya haraka ya soko, na chakula hakina protini za kutosha.

Sianidi pia inajua dhahabu, lakini kwa namna ingine. Zebaki inashika dhahabu, sianidi inaikula. Inaiyeyusha kabisa. Tangu mwisho wa karne ya 19 viwanda vinatumia sianidi kutoa dhahabu ndani ya mawe kwa sababu hiyo. Kwa hiyo, nanoklasta zikikutana na sianidi, chane zinavunjika na mwanga unazimika. Wanasayansi wametumia hilo kupima sianidi ndani ya maji.

Lakini kwa muhogo tuko na bahati: karatasi ingine iko tayari, bila dhahabu yoyote. Katika chuo kikuu cha taifa cha Australia, Howard Bradbury na wenzake walitengeneza karatasi ya manjano yenye dawa ya pikrati. Unaweka unga kidogo na maji ndani ya kichupa, unaweka karatasi, unafunga vizuri, unaacha usiku mzima. Asubuhi unalinganisha rangi. Kadiri karatasi inaelekea kahawia, ndivyo sumu iko nyingi. Mpaka wenye mataifa yamekubali kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi ndani ya kilo moja. Hiyo inatufundisha kwamba kipimo cha karatasi kinaweza kufanya kazi kijijini. Ile ya dhahabu inatafuta njia hiyo hiyo.

Dawa za wadudu, na kazi za hospitali

Kuna dawa za wadudu zenye kuua mdudu kwa kuzuia kazi moja ya mishipa yake. Zinaweza kufanya vile vile kwa mwanadamu mwenye kupuliza bila kujikinga, ao mwenye kula nyanya zenye kupulizwa jana. Wanasayansi wanatumia nanoklasta kuzitafuta kwa njia ya kuzunguka. Wanachukua kimeng'enya kile kile chenye dawa inazuia. Kikiwa kizima, kinatoa kitu chenye kuzima mwanga. Dawa ikiwepo, kimeng'enya kinalala, na mwanga unabaki. Mutazame vizuri: hapa kuwaka njo alama ya hatari, na kuzimika njo alama ya usalama. Ni kinyume cha ile ya zebaki. Mutu mwenye hajafundishwa anaweza kusoma vibaya.

Katika uganga pia wanajaribu. Kwa sababu protini haiudhi mwili sana, wametia nanoklasta ndani ya panya wa labo ili kuona mahali uvimbe wa kansa uko. Hiyo bado ni utafiti. Mutu akija sokoni kuwauzia "dawa ya dhahabu yenye kuwaka" kwa kuponya kansa ao sumu, mjue ni mwongo.

Juu ya nini haijafika kijijini?

Tunapenda kusema ukweli wote, si nusu. Kuna sababu tano.

Ya kwanza: maji ya labo ni safi, ya mto wetu ni ya matope. Matope yanameza mwanga. Kipimo kinaweza kuonyesha giza, mutu akasema ni zebaki, kumbe ni udongo tu.

Ya pili: shaba pia inaweza kuzima mwanga ule. Na sisi wakulima wa kahawa na wa kakao tunapuliza dawa za shaba juu ya magonjwa ya majani. Maji yenye kutoka katika shamba yenye kupulizwa yanaweza kudanganya kipimo. Labo iko na dawa za kuikamata shaba kwanza, lakini inaomba mutu mwenye kujua.

Ya tatu: kipimo kinaona zebaki yenye kuyeyuka ndani ya maji. Hakioni matone yenye kulala chini ya mchanga, na hakitoshe kusema juu ya ile yenye kujificha ndani ya nyama ya samaki. Maji yanaweza kuonekana mazuri na samaki akawa mbaya.

Ya nne: protini inaharibika. Inaomba baridi na giza, kama vile dawa za chanjo. Karatasi yenye ilipigwa na jua mwezi mzima ndani ya gari, inaweza kuwa imekufa kabla haijatumika.

Ya tano: kupima si kusafisha. Hata kipimo kizuri kuliko vyote hakiondoi hata chembe moja ya zebaki ndani ya bidoni. Kinasema tu: simama, usinywe. Kama hakuna maji mengine ya kunywa, kujua peke yake haitoshe.

Mutu akileta kipimo, mumuulize hivi

Kuna watu wenye wanapita katika vijiji na vyombo vya kila namna. Wengine ni wa kweli, wengine wanatafuta franka tu. Kabla koperative haijatoa pesa, mumuulize:

1. Kipimo hiki kinatafuta sumu gani, na kuanzia kiasi gani? Akisema "sumu zote", mumuache aende.

2. Kililinganishwa na majibu ya labo, na maji ya mto kama wetu, yenye matope?

3. Shaba ao chumvi ingine haiwezi kukidanganya?

4. Kinahifadhiwa namna gani, na mwisho wake ni tarehe gani?

5. Mutupimie palepale vikombe vitatu: cha maji safi, cha mto, na kingine chenye labo ilitia zebaki kwa kiasi chenye kujulikana. Kama kipimo hakitofautishi, hakuna haja ya kusema mengi.

Mambo ya kufanya leo

Juu ya maji. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki. Kama chimbo liko juu ya mto, mutafute maji ya kunywa pahali pengine: chemchemi yenye kulindwa, ao maji ya mvua ya paa yenye iko mbali na mahali wanachoma dhahabu. Kama mnataka kupeleka maji katika labo, muombe labo yenyewe iwape chupa na iwaeleze namna ya kujaza. Musitumie chupa ya zamani ya plastiki, kwa sababu zebaki inajishika kwenye plastiki na majibu yanakuwa ya uongo. Muandike tarehe, mahali, na kama mvua ilinyesha.

Juu ya kuchoma dhahabu. Vijana wetu wengi wanalima asubuhi na kuchimba mchana. Tusiwafukuze, tuwaambie: donge la dhahabu lisichomwe kamwe ndani ya nyumba, ao kwenye jiko la chakula, ao karibu na mama mwenye mimba na watoto. Kuna chombo cha chuma chenye kufungwa na bomba, chenye kukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki tena. Mchimbaji anaitumia mara ingine, na jirani hapumui sumu. Anapata faida kwenye mfuko na kwenye mapafu. Chombo hicho kitumiwe inje, mbali na nyumba.

Juu ya samaki. Katika mito yenye machimbo, afadhali samaki wadogo na wale wenye kula majani, kuliko wale wakubwa wenye kula wenzao. Zaidi kwa mama mwenye mimba na mwenye kunyonyesha.

Juu ya muhogo. Muhogo mchungu uloweke siku tatu mpaka ulainike, kisha anika vizuri. Kama unga uko tayari na hamuna hakika, kuna njia ya kulowanisha unga: changanya unga na maji, utandaze juu ya sahani ao ya kitambaa safi kwa unene usiopita sentimeta moja, uache saa 2 juani ao saa 5 kivulini. Sianidi inaondoka hewani. Kisha upike bukari siku ile ile. Njia hiyo ilitumiwa na mama wa Popokabaka, katika Kwango, na konzo mpya haikuonekana tena pale wakati walikuwa wanaifuata. Haiombi franka hata moja. Sombe nayo, itwange vizuri kwanza na uipike muda mrefu bila kufunika.

Juu ya dawa za wadudu. Mufuate siku za kungojea zenye kuandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna. Hakuna taa yenye itawasaidia kama mlipuliza jana na kuuza leo.

Neno la mwisho

Sayansi ya nanoklasta ni ya kweli, na siku moja inaweza kufika katika sanduku la agronomu wenu, bei ndogo, sawa vile karatasi ya kupima malaria ilifika katika vituo vya afya. Siku hiyo koperative yenye kujua inapima nini na haipimi nini, njo itapata faida. Mpaka pale, macho yetu hayaoni sumu, lakini mikono yetu inajua tayari mambo mengi ya kuikimbiza.

Ya kujadili katika mkutano wa koperative

Ni wapi juu ya mto wetu watu wanachoma dhahabu, na nani anaweza kwenda kuongea nao kwa heshima?

Katika familia zetu, muhogo unalowekwa siku ngapi wakati wa njaa? Juu ya nini?

Kama leo kipimo kinasema maji ya mto si mazuri, tutakunywa ya wapi? Jibu la swali hili mulitafute sasa, mbele kipimo hakijakuja.